Mwenye Vyombo na Mwenye Sikio

Ndugu msomaji, kwa wewe ambaye hukuwa karibu na redio yako wiki iliyopita, naomba tuanzie Mbezi Beach, uani kwa jirani yangu, jioni ya Jumapili, saa ile upepo wa bahari umeshapoza mabati na watu wametandika mikeka nje.

Binti wa jirani huyo, mwenye umri wa miaka 11, alikuwa ameletewa zawadi na shangazi yake anayeishi ng'ambo. Zawadi yenyewe ni kigitaa chenye nyuzi nne tu, na ndani ya tundu lake imebandikwa karatasi inayosema kuwa hicho ni ukulele, tena wa aina ya baritoni. Watoto wa pale uani walicheka sana. Kwa Kiswahili ukelele ni mayowe, na kwa siku tatu mfululizo chombo kile kilikuwa hakitoi kitu kingine. Binti alikicharaza asubuhi, akakicharaza mchana, na majirani wakaanza kufunga madirisha.

Jioni hiyo akapita mzee mmoja mwenye genge la nyanya na vitunguu pale kwenye kona yetu. Alikuwa amekuja kuchukua bakuli lake. Tukampa shikamoo, akaitikia, kisha akasimama kusikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Mjukuu wangu," akamwambia binti, "chombo chako hakina ubaya wowote. Hakijatyuniwa tu. Nipe nikione."

Akavuta kigoda, akafuta mikono kwenye shuka lake, akakipakata kile kigitaa kama mtu anavyompakata mtoto mchanga aliyeazimwa. Kisha akatufundisha sote pale uani somo ambalo nimeona nisikunyime nawe, msomaji.

Gitaa la kawaida, alisema, lina nyuzi sita. Ukihesabu kutoka ule mnene ulio juu, karibu na kidevu chako, hadi ule mwembamba ulio chini, sauti zake ni E, A, D, G, B, na E tena. Ukizitoa zile mbili nene za juu, unabaki na D, G, B na E, na hizo ndizo nyuzi za ukulele wa baritoni, sauti kwa sauti. "Hili ni gitaa lililokatwa nyuzi mbili," mzee akasema. "Na besi ya bendi nayo ina nyuzi nne, lakini zake ni zile nne za upande mnene, zimeshushwa chini zaidi. Kwa hiyo besi na hiki kidogo ni ndugu. Mmoja amerithi chini, mwingine amerithi juu."

Hakutafuta kinanda wala simu ya kumpa sauti ya kuanzia. Alivuma kidogo kwa pua, akauzungusha msumari wa uzi wa nne, ule mnene, mpaka ukakubaliana na sauti aliyokuwa nayo kichwani. Hiyo ikawa D. Akaubana uzi huo huo kwenye chumba cha tano cha shingo, akaupiga pamoja na uzi wa tatu ulioachwa wazi. Mwanzoni sauti mbili zile ziligombana, zikawa zinatetemeka kama maji kwenye karai. Akakaza taratibu, mtetemo ukapungua, ukaisha, sauti mbili zikawa moja. Hiyo ikawa G. Kisha akaubana uzi wa tatu, safari hii chumba cha nne na si cha tano, apate B ya uzi wa pili. Akarudi kwenye chumba cha tano cha uzi wa pili, akapata E ya uzi wa kwanza.

"Tano, nne, tano," akamwambia binti. "Ukikumbuka hivyo, hakuna mtu atakayekudanganya."

Baada ya hapo akamwonyesha kwamba kidole kimoja tu, kikiubana uzi wa kwanza kwenye chumba cha tatu huku mingine mitatu ikiachwa wazi, kinatoa mlio kamili wa G. Ukikiondoa kidole hicho na kuubana uzi wa nne kwenye chumba cha pili na uzi wa pili kwenye chumba cha kwanza, umepata C. Ukaongeza D, una milio mitatu, na kwa milio mitatu hiyo unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za dansi ulizokulia. Akapiga kidogo, na pale uani pakanyamaza. Vile vidole vya kuuzia vitunguu vilikuwa vinakimbia juu ya nyuzi kama vya kijana.

Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Mzee, na gitaa lako liko wapi?"

"Lipi, mwanangu?"

"Lako. Ulilokuwa ukipigia."

Akacheka. "Mimi sijawahi kuwa na gitaa. Nilipiga solo miaka 26. Vyombo vilikuwa vya bendi."

Ndugu msomaji, jibu hilo nililala nalo. Fundi cherehani aliyeshona miaka 26 bila kuwa na cherehani yake tungemwonea huruma. Mvuvi asiye na ngalawa tunamjua kuwa ni kibarua. Lakini wanamuziki waliotuchezesha tangu Uhuru, na kabla ya Uhuru, wengi wao waliishi hivyo hivyo, na sisi tukaona ni jambo la kawaida. Imekuwaje? Hiyo ndiyo habari ninayotaka tuizungumze leo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba chombo cha nyuzi ni mgeni aliyeletwa na bendi. Pwani yetu ilikuwa na gambusi, ambalo wengine waliliita kibangala, chombo cha kuchonga kwa gogo moja na kuwambwa ngozi tumboni, ndugu wa kile kinachopigwa Yemen. Visiwani, taarabu ilipostawi, kikaja udi. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na nyuma ya sauti yake zilikuwapo nyuzi. Bara nako kulikuwa na zeze la Wagogo, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilipeleka mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki dunia mwaka 2003. Vyombo hivi vilikuwa na sifa moja: mpigaji alikuwa ndiye mwenye chombo, na mara nyingi yeye mwenyewe au jirani yake ndiye aliyekichonga.

Hata huo ukulele, asili yake ni mali ya maskini. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, visiwa vya Hawaii, ikiwa na vibarua Wareno kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwapo mafundi seremala, na katika mizigo yao kulikuwa na kigitaa cha kwao cha nyuzi nne. Wenyeji wa Hawaii wakakipenda, mfalme wao Kalākaua akakikaribisha ikulu, wakakipa jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ni kiroboto anayeruka, kwa jinsi vidole vinavyorukaruka. Wareno hao hao walikaa pwani yetu miaka mingi, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakafukuzwa mwaka 1698. Kule Hawaii walikwenda kama vibarua, wakaacha kigitaa. Huku walikuja na mizinga, wakaacha ngome. Huyu wa baritoni, mkubwa kuliko ndugu zake, alizaliwa baadaye sana huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, ndiyo maana akafuata sauti za gitaa.

Sasa turudi Dar es Salaam. Gitaa lilipata nguvu hapa wakati wa santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa sahani zenye alama ya GV, zilizojaa muziki wa Kyuba, na sahani hizo zikaenea Afrika nzima. Vijana wa mjini walizisikiliza mpaka sindano zikawa butu. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imekwisha anzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na Salum Abdallah, aliyefariki dunia mwaka 1965, akaipa bendi yake ya Morogoro jina la Cuban Marimba, bila kuficha alikochota maji.

Wakati huo vijana walijifunza kwa chochote. Kopo la mafuta au debe lilikuwa tumbo, ubao wa boksi ulikuwa shingo, na nyuzi zilikuwa waya wa breki za baiskeli uliofumuliwa au mshipi wa kuvulia samaki. Gitaa la kopo halikuwa na nyuzi sita, maana kila uzi ulikuwa ni taabu kuupata. Lilikuwa na mbili, tatu, au nne. Mzee wetu wa genge alianza hivyo hivyo. Ndiyo sababu ukulele wa binti haukumtisha. Alikuwa amekutana na rafiki yake wa utotoni, isipokuwa huyu amevaa vizuri.

Na bendi zenyewe zilikuwa vilabu. Ndiyo maana majina yalikuwa kama ya vyama vya watu wa sehemu moja: Kilwa Jazz, Western Jazz, Rufiji Jazz, Ulanga Jazz. Mara nyingi wanachama walichanga, vyombo vikanunuliwa, vikawekwa klabuni. Mpigaji hakuwa na gitaa lake, ni kweli, lakini alikuwa na sehemu yake katika gitaa la wote, na mkutano wa klabu ulikuwapo wa kulalamikia.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mambo yakageuka. Vyombo vya umeme vilikuwa ghali na vilihitaji fedha za kigeni. Aliyeweza kuviagiza alikuwa ni jeshi, chama, jumuiya au shirika la umma. Tukapata Polisi Jazz, Vijana Jazz, JKT Kimulimuli, UDA Jazz, Bima Lee. Tusiwe wachoyo wa shukrani: enzi hizo wanamuziki wengi walipata mshahara wa mwezi, jambo ambalo wenzao wa nchi nyingi hawakuliota. Muziki uliopigwa katika miaka hiyo na kurekodiwa katika studio za Radio Tanzania, kule Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ni hazina ya taifa.

Lakini hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila mwanamuziki wa Dar es Salaam analijua: mwenye vyombo. Mwenye vyombo ndiye aliyeamua bendi ipige wapi, jina lake liwe nani, nani apande jukwaani na nani ashuke. Tazama mfano wa bendi ya chama cha wafanyakazi. Ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz. Chama kikageuka kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Wapigaji walikuwa wakipiga msondo ule ule, lakini jina la mlangoni lilikuwa la mwenye nyumba. Ilichukua miaka mingi hadi jina la muziki wenyewe, Msondo Ngoma, likawa ndilo jina la bendi.

Au tazama Mlimani Park. Ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja mwenye vyombo vipya akawavuta Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na mpiga gitaa Abel Balthazar kwenda Orchestra Safari Sound. Mashabiki wa mji huu waligawanyika kama wa Simba na Yanga. Ila fikiri, ndugu msomaji, walihama na nini? Walihama na koo zao, vidole vyao na masikio yao. Magitaa yalibaki yalipo, yakisubiri vidole vingine.

Hapa ndipo nilipomwelewa mzee. Katika miaka yote hiyo kitu pekee ambacho mwenye vyombo hakuweza kukifungia stoo ni sikio la mpigaji. Na masikio hayo yalifanya maajabu. Bendi zetu ziliweka magitaa matatu kando ya besi: solo, solo la pili, na ridhimu. Yote yaliongea kwa pamoja bila kukanyagana, kama wapishi watatu wanaopishana jikoni penye jiko moja. Wakongo walikuja na ujanja wao wa mi-solo: uzi wa nne wa gitaa, ile D, unatolewa, mahali pake unawekwa uzi mwembamba uliokazwa hadi D ya juu zaidi. Gitaa likapata mlio wa kung'aa ambao huwezi kuutoa kwa nyuzi za kawaida. Mzee alipotueleza hayo alimwambia binti kwamba hata hao ukulele wadogo, ndugu za baritoni, wengi wana uzi wa nne wa kupanda juu hivyo hivyo. Hawaii na Kinshasa hawakuulizana, lakini masikio yao yalifika mahali pamoja.

Wapo waliojaribu kuuvunja utaratibu wa kuazima. Wanamuziki wa Orchestra Maquis, waliotoka Kongo wakaweka makao Dar es Salaam katika miaka ya 1970, waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, akaiongoza mpaka ajali ya gari ilipomwondoa Mombasa mwezi Januari 1979. Lakini hao walikuwa wachache. Sheria ya Hakimiliki iliyomtambua mtunzi kwa namna ya leo, na kuunda COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999. Kwa wengi ilikuwa jioni mno. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na chombo cha kuazima hakimlindi mzee.

Mzee wetu mwenyewe aliondoka katika bendi yake siku moja asubuhi. Bendi siitaji, maana haipo tena na ubishi hautamsaidia mtu. Alifika mazoezini akakuta mlango una kufuli jipya. Vyombo vilikuwa vimeuzwa usiku. Ndani kulikuwa na kitambaa chake cha kufutia nyuzi na kikombe cha chai, hata hivyo hakuvipata. Akatembea mpaka nyumbani, na wiki iliyofuata akaanza kuuza nyanya.

Huenda utasema, mtangazaji, hayo yamepita. Siku hizi kijana ana kompyuta chumbani, anatengeneza wimbo mzima bila kumbembeleza mwenye vyombo. Ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi. Simu nayo ina programu ya kutyuni: unapiga uzi, kijishale kinakwambia kaza au legeza. Sina ugomvi nayo. Ila nimeona vijana ambao simu ikizima chaji na gitaa linazima. Hao wamemhamisha mwenye vyombo kutoka stoo ya bendi wakamweka mfukoni. Mashine ikusaidie, isikumiliki.

Ombi langu leo ni dogo. Mzazi mwenye uwezo wa kumnunulia mtoto viatu vya sikukuu anaweza, kwa kujinyima kidogo, kumtafutia chombo kidogo cha muziki kiwe chake. Si lazima kiwe ukulele. Filimbi, zeze, ngoma, gitaa la mtumba, vyote ni sawa. Kisha atafutiwe mwalimu. Bagamoyo tunacho chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na Unguja kipo chuo cha muziki cha nchi za jahazi tangu mwaka 2002. Lakini kabla ya kufika huko, angalia mtaani kwako. Yule anayekuuzia vitunguu, yule mlinzi wa geti, yule mzee anayekaa kimya kwenye benchi la kahawa, huenda ana miaka 26 ya solo kichwani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni ile, giza lilipoingia, mzee aliinuka akachukua bakuli lake. Akasita. Kisha akamwambia binti, kwa adabu kana kwamba anazungumza na mkubwa mwenzake, "Mjukuu wangu, ungeweza kuniazima hiki hadi asubuhi?"

Binti alimtazama baba yake, baba yake akatazama pembeni ili amwache aamue mwenyewe. "Chukua, babu," akasema.

Usiku huo madirisha ya nyumba zetu yalikuwa wazi. Kutoka upande wa genge tulisikia nyuzi nne zikipigwa taratibu, wimbo baada ya wimbo, mpaka saa sita. Asubuhi binti alipokwenda kukichukua chombo chake alikikuta kimefungwa ndani ya khanga safi. Akakipiga pale pale. Kila uzi ulikuwa mahali pake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.